Ndovu, Twiga na Neno "Ili"

Kila Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa kukodi huko Yeoville, mtaa wa Johannesburg ambako Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu, cha Tanga na cha Nairobi hukutana sokoni, mimi na wazazi wawili huwafundisha watoto kumi na wanne kusoma lugha ya nyumbani kwao. Mkubwa wao ana miaka tisa. Siku moja ya mwezi Machi niliandika ubaoni sentensi ya aina inayopatikana katika karibu kila kitabu cha picha kinachowafunza watoto viungo vya wanyama na kazi zake: Twiga ana shingo ndefu ili ale majani ya juu ya mti. Watoto waliisoma kwa sauti moja, wakainakili. Kisha binti wa miaka saba, mzaliwa wa jiji hili wa wazazi waliotoka Katanga, aliinua mkono. "Mwalimu, na bale ba shingo fupi, balienda wapi?"

Nilimwambia tutalizungumza wiki ijayo. Ninapaswa kukiri kwamba halikuwa jibu la mwalimu, lilikuwa la mtu aliyeshikwa pabaya. Nina shahada ya uzamivu niliyoisomea Ujerumani, na sehemu kubwa ya tasnifu yangu ilihusu ngano za usuli, yaani zile hadithi zinazosimulia kwa nini kobe ana mabaka na kwa nini sungura ana mkia mfupi. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wa chuo kuzichambua ngano hizo kama fani ya watu waliokuwa bado hawajapata maelezo ya kisayansi. Swali la mtoto yule lilinionyesha kwamba sentensi yangu ya ubaoni, iliyodai kuwa ni ya kisayansi, ilikuwa na upungufu ambao ngano hazikuwahi kuwa nao.

Tuanze na sarufi, kwa kuwa tatizo liko humo kwanza. "Ili" ni kiunganishi cha kusudi. Hudai kitenzi kinachofuata kiwe katika hali ya dhamira, na dhamira haikai hewani; lazima awepo anayedhamiria. Nikisema nimekwenda sokoni ili ninunue samaki, msikilizaji anajua nani alitaka samaki. Nikisema twiga ana shingo ndefu ili ale majani ya juu, ni nani aliyetaka? Mcha Mungu ana jibu lake, na akilisema waziwazi simpingi, kwani amemtaja mtendaji. Lakini kitabu cha sayansi hakimtaji Mungu, hakimtaji twiga, hakitaji chochote. Kinaazima nguvu ya kusudi bila kulipa gharama ya kumtaja mwenye kusudi. Hali huwa mbaya zaidi tunapoleta kile kitenzi tunachokipenda walimu, "kujizoesha". Mnyama "amejizoesha" na mazingira yake, tunasema, na kile kiambishi -ji- kinatuchorea twiga wa kwanza akijinyoosha kila asubuhi mpaka shingo ikakubali. Fikra hiyo si mpya. Jean-Baptiste Lamarck aliitetea kwa maandishi mwaka 1809, akimtolea mfano twiga huyohuyo, na Charles Darwin aliijengea hoja mbadala mwaka 1859. Vitabu vyetu vya watoto vinamtaja Darwin katika dibaji za walimu, kisha vinamsimulia Lamarck katika kurasa za watoto.

Isitoshe, hata kazi ya shingo yenyewe bado inabishaniwa, na ubishi mkubwa umefanyika huku huku kusini mwa Afrika. Mwaka 1996 Robert Simmons na Lue Scheepers walitoa hoja kwamba twiga mara nyingi hula katika kimo cha bega, wala si juu, na kwamba urefu wa shingo huenda unatokana zaidi na madume wanaopigana kwa kupigizana shingo na vichwa wakiwania majike. Mwaka 2007 Elissa Cameron na Johan du Toit wakawajibu. Walikuwa wamezungushia uzio baadhi ya miti katika eneo la Kruger ili wanyama wafupi wasiifikie, wakaona kwamba twiga hupata majani mengi zaidi kwa kila mkupuo anapokula juu kwa sababu huko chini wafupi wamekwisha kula. Sioni kwa nini mtoto wa miaka saba asiambiwe kwamba watu wazima wanabishana juu ya shingo ya twiga. Wanangu wa Jumamosi wangefurahi kuliko walivyofurahia sentensi yangu.

Sasa niigeukie hadithi yenyewe, kwa maana makala haya ni ya fasihi. Ngano maarufu kuliko zote duniani kuhusu kiungo cha mnyama imewekwa karibu na hapa ninapoandikia. Rudyard Kipling alichapisha *Just So Stories* mwaka 1902, na ndani yake mna hadithi ya mtoto wa ndovu mwenye udadisi usiokwisha. Anatandikwa na jamaa zake kwa kuuliza maswali, kisha anafunga safari mpaka mto Limpopo kumuuliza mamba anakula nini jioni. Mamba anamkamata pua, chatu anasaidia kuvuta, na pua iliyokuwa fupi kama kiatu inanyooka ikawa mkonga. Safari ile inapita Grahamstown, Kimberley na nchi ya Khama. Mwandishi alikuwa akija Cape Town kukwepa baridi ya Uingereza, katika nyumba aliyopewa na Cecil Rhodes aitumie, na ramani ya hadithi ni ramani ya mtu aliyeiona nchi kwa macho ya wenyeji wake wa aina hiyo. Mhakiki hawezi kulipuuza hilo, kama asivyoweza kupuuza kwamba katika hadithi ya chui ya kitabu hichohicho Mhabeshi anajigeuza ngozi kuwa nyeusi, na matoleo ya zamani yana neno la kashfa ambalo singelisoma mbele ya mtoto yeyote.

Hata hivyo hadithi ya mtoto wa ndovu ina mambo mawili ambayo kitabu cha picha hakina. La kwanza ni wakati. Kulikuwa na siku ambapo ndovu hakuwa na mkonga, kisha ikaja siku akawa nao, na baina ya siku hizo mbili palitokea jambo la hatari. Mtoto anayeisikia anapata wazo kubwa kuliko mengi yatakayofuata katika masomo yake ya biolojia: kwamba miili ya wanyama ina historia. La pili ni maumivu. Mkonga haukutolewa zawadi. Ulivutwa kutoka katika meno ya mamba, na mwenye nao alikaa siku tatu akiungoja urudi kuwa mfupi, akiona aibu. Ndipo akaanza kugundua, jambo moja baada ya jingine, kwamba unaweza kuua nzi, kung'oa nyasi, kujipaka tope. Kimaelezo Kipling amekosea kabisa. Lakini matumizi yanakuja baada ya kiungo, hayatangulii kama kusudi, na katika mpangilio huo wa matukio yuko karibu na Darwin kuliko yule mwandishi wa "ili". Anayewafahamu ndovu wadogo anajua tena kwamba mkonga ni kitu cha kujifunza. Ndama huzaliwa akiwa hajui kuutumia, huukanyaga, huunyonya kama mtoto anyonyavyo kidole, hunywa maji kwa mdomo, na huchukua miezi kadhaa kabla ya kuweza kuutawala mkono huo usio na mfupa hata mmoja.

Ninatembea mara nyingi ukingoni mwa kijito cha Jukskei, ambacho chanzo chake kimefunikwa na saruji mashariki ya katikati ya jiji hili. Maji yake hupita Alexandra, hujiunga na mto Crocodile (mamba, naam, jina lenyewe hilo), na mwishowe huwa Limpopo na kumwagika katika Bahari ya Hindi upande wa Msumbiji. Watoto wa Yeoville wanaishi juu ya vyanzo vya mto wa Kipling. Nilipowaonyesha katika ramani, hawakuamini.

Johannesburg ndiyo pia makao ya mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide, ambao umeweka hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, kwa mtu yeyote kuzisoma na kuzitafsiri bila malipo. Katika lundo hilo ipo hadithi ya Basilio Gimo na David Ker kuhusu kiboko na sungura. Kiboko anamkanyaga sungura mguu bila kukusudia, anaomba radhi, sungura hakubali. Anakwenda kwa Moto kumwomba amchome kiboko atakapotoka majini. Moto anafanya hivyo, manyoya yanateketea, kiboko anakimbilia mtoni, na tangu hapo haendi mbali na maji. Nimeisoma na watoto mara nne na kila mara wanamwonea kiboko huruma, kwa kuwa aliomba radhi. Kwa upande wa fani ni hadithi safi: maneno machache, kosa dogo, adhabu kubwa isiyolingana. Tofauti na kitabu cha picha, haimwambii mtoto kwamba kila kitu katika mwili kiko pale kwa faida. Kiboko amepoteza kitu, na anaishi maisha yake yote akizunguka upotevu huo. Hapa sayansi inakubaliana na hadithi zaidi ya inavyotarajiwa. Ngozi ya kiboko hukauka na kupasuka haraka nje ya maji, hutoa ute wa rangi nyekundu unaoikinga na jua, na mnyama hungoja usiku ndipo atoke kula nyasi. Kiungo kimoja kinamfunga mtoni. Hadithi imeuona mnyororo huo, ingawa imeutafutia mfunguo mwingine.

Ninasema haya nikijua kwamba jambo hili si la ukumbi wangu mdogo tu. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ya Msingi ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kitaweza kufundishwa shuleni kama somo la hiari kuanzia mwaka 2020, na mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikikubali kuwa lugha yake rasmi. Siku vitabu vya watoto wa huku vitakapoandikwa kwa wingi kwa Kiswahili, haraka itatushawishi tutafsiri vile vilivyopo vya Kiingereza, pamoja na kusudi lao lisilo na mwenyewe. Na itakuwa hasara ya ajabu, kwa sababu lugha yetu ina namna yake ya kusema juu ya kiungo na mwenye kiungo. Wahenga hawakusema ndovu ana mkonga ili achume. Walisema ndovu hashindwi na mkonga wake. Walisema pia ng'ombe haelemewi na nunduye. Tumezoea kuzifasiri methali hizi kwa wazazi na watoto wao, na tafsiri hiyo ni sahihi, lakini tazama zinavyoanza: zinaanza kwa kukiri kwamba mkonga ni mzigo. Kiungo kina uzito, kinakula chakula, kinataka damu na misuli, na ajabu ya mnyama ni kwamba anaweza kukibeba. Ukanushi ule, "hashindwi", una biolojia nyingi ndani yake. Mwanasayansi wa leo angesema kwamba hakuna kiungo kisicho na gharama. Mzee wa pwani amekwisha kulisema hilo kwa maneno matano.

Sasa nieleze kwa nini sikumjibu yule binti papo hapo, kwani sababu haikuwa sarufi peke yake. Jibu la swali lake ni fupi: wale wa shingo fupi wengi hawakupata watoto. Wengine walikufa mapema. Sikuogopa neno "kufa" kwa ujumla wake; watoto hulizoea katika ngano, ambamo fisi hufa kila wiki. Niliogopa kulisema katika chumba kile, kwa watoto wale, katika jiji hili.

Mnamo tarehe 11 Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianza Alexandra, kandokando ya kijito kile cha Jukskei, yakaenea katika miji mingine, na zaidi ya watu 60 wakauawa. Miongoni mwa mambo yaliyoripotiwa ni mtihani. Mtu alisimamishwa njiani, akaonyeshwa kiwiko cha mkono, akaulizwa kinaitwaje kwa Kizulu. Neno ni *indololwane*. Aliyelijua alipita. Kiungo cha mwili kilikuwa ndicho kipimo, ila si umbo lake. Kila binadamu ana kiwiko, na viwiko vyote vinafanana. Kilichoamua ni jina lake kinywani. Baadhi ya wazazi wa wanafunzi wangu walikuwapo mwaka ule. Mmoja wao, mama mcheshi ambaye hutuletea maandazi, aliniambia kwamba mwanawe wa kwanza alijifunza neno hilo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu, na kwamba yeye mwenyewe hulitamka hadi leo akiwa peke yake jikoni, kama mtu anayekagua kama mlango umefungwa.

Fasihi yetu inayo hadithi ya mtu aliyenusurika kwa neno juu ya kiungo chake. Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Unguja, ingawa chimbuko lake linarudi nyuma mpaka India kupitia kwa Waarabu. Kima anapanda mgongoni mwa rafiki yake papa, na katikati ya bahari anaambiwa kwamba sultani wa papa ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba bahati mbaya moyo ameuacha nyumbani. Jamii yake, wanapotoka, huitundika mioyo yao mtini. Papa anamrudisha pwani kuuchukua, kima anaruka juu ya mti, na anapoitwa anamsimulia papa kisa cha punda wa dobi aliyerudi kwa simba mara ya pili kwa sababu, asemavyo sungura aliyekula moyo na masikio yake, hakuwa na moyo wala masikio. Wahakiki, nami nikiwamo, tumeiweka hadithi hii katika fungu la hila na ujanja. Ninaisoma upya sasa kama hadithi ya mhamiaji. Yuko juu ya mgongo usio wake, katikati ya maji yasiyo yake, na mwili wake umegeuzwa kuwa dawa ya wengine. Mikono yake mirefu ya kukwea haimfai kitu baharini. Anachobakiwa nacho ni kuuelezea mwili wake kwa namna itakayomfikisha mchangani. Mtoto akijifunza kwamba kima ana mikono mirefu ili akwee miti, amejifunza jambo la kweli nusu. Hadithi inauliza nusu nyingine: na miti isipokuwapo?

Basi wiki iliyofuata sikurudi kwa twiga. Niliwapelekea watoto kisa cha kweli cha ndovu, na ninaamini ndicho kisa cha usuli tunachopaswa kukisimulia kuliko vyote katika ukanda huu.

Huko Gorongosa, katikati ya Msumbiji, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu tangu 1977 hadi 1992, na majeshi ya pande zote yaliwaua ndovu kwa ajili ya nyama na pembe. Zaidi ya tisa katika kila kumi walitoweka. Kabla ya vita, karibu mmoja kati ya majike watano alizaliwa bila pembe. Baada ya vita, ilikuwa yapata nusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba hili halikuwa bahati nasibu: wenye pembe waliwindwa, wasio na pembe waliachwa, na walioachwa ndio waliozaa. Utafiti uleule ulitoa dalili kwamba urithi huo una bei yake, kwani chembe ya urithi inayomnyima jike pembe humuua mtoto wa kiume kabla hajazaliwa. Mama anaokoka, na baadhi ya wanawe wanalipa. Katika hifadhi ya Addo, kusini kabisa mwa nchi hii, iliyoanzishwa mwaka 1931 ikiwa na ndovu kumi na mmoja tu waliosalia baada ya kuwindwa, karibu majike wote waliishi bila pembe.

Hapa hatuhitaji mamba wala chatu. Msomaji wa Kiswahili atatambua pia kwamba pembe hizo ni neno letu, lenye historia yetu. Misafara iliyoingia bara kutoka Bagamoyo ilizifuata, Unguja ilizikusanya na kuzisafirisha, na mtu kama Tippu Tip alijenga jina lake juu yake. Tukisimulia kwa nini ndovu hana pembe, msimulizi hawezi kujiweka nje ya hadithi kama alivyojiweka Kipling.

Nilisimulia kwa mwanzo wa kawaida, paukwa, pakawa, na nikaacha vita vitajwe kama vita. Hakuna aliyelia. Waliuliza kama ndovu walijua kwamba vita vimekwisha. Mwishoni niliwaomba tutunge pamoja sentensi moja ya kuandika ubaoni badala ya ile ya twiga, na sharti likawa tusitumie "ili". Nikaandika walichonipa, kwa marekebisho yangu ya mwalimu: Ndovu wengi wa kike wa Gorongosa hawana pembe kwa sababu mama zao wenye pembe waliuawa.

Binti yule alitikisa kichwa. Alisema bale balikufa hawakuwa mama zao. Mama zao ni bale balibaki.

Nilifuta, nikaandika upya.